Glasi ya Saa Nne

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Kama uko Tala unapima maharagwe, pima huku unasikiliza, mteja hatakasirika. Mimi ni Kalondu, na hii ni ile saa yetu ya kuwakumbuka watu wa kwetu.

Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa akinywa maji. Ndiyo, umenisikia vizuri. Utasema, Kalondu naye, kila mtu si anakunywa maji? Subiri. Mama huyu alikunywa glasi moja ya maji ya bomba, sokoni, mbele ya watu, saa nne asubuhi. Maji ambayo hayajachemshwa. Alikunywa amesimama, akageuza glasi juu chini watu waone imekwisha, akashukuru, akarudi kazini. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka saba.

Jina lake ni Ndanu Kaloki. Nasema tena kwa wale waliowasha redio sasa hivi: Ndanu Kaloki, mhudumu wa mtambo wa kusafisha maji wa Kyamathima, soko dogo ndani kidogo ya barabara ya kwenda Ekalakala. Alifariki Jumanne tarehe kumi na mbili Septemba, mwaka huu wa 2006. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Tulimzika Jumamosi.

Mimi nilienda mazishini kama watu wengine, kutoa pole na kurudi. Nikarudi na maswali kichwani. Kwa nini mtu anywe maji mbele ya watu kana kwamba anakula kiapo? Kwa nini ofisini kwake kuna barua ukutani, ndani ya fremu nzuri ya kioo, lakini imegeuzwa uso kwa ukuta? Na kwa nini mtu aliyelia kuliko wote pale kaburini hakuwa dada yake wala binti yake, bali mama muuza mandazi kutoka Murang'a? Nimerudi Kyamathima mara tatu kutafuta majibu. Mkubwa wangu hapa stesheni anasema nimemaliza petroli ya ofisi. Anisamehe tu.

Ndanu alizaliwa mwaka wa 1955, karibu na Tala. Mama yake alikuwa akiuza nguo za mitumba siku za soko. Dada yake mkubwa, Mbithe, bado anaishi kwenye shamba lile lile. Nilimkuta anachambua njugu. Akaniambia hivi:

"Huyo Ndanu alikuwa mtoto wa ajabu. Tunatumwa maji mtoni, sisi wote tunarudi, yeye amebaki huko ameinama. Anaangalia tope ikishuka ndani ya chupa. Mama anamwita, hasikii. Eti anataka kujua hiyo tope inaenda wapi. Wee, alichapwa sana sababu ya hiyo tope."

Tope ile ndiyo iliyomwandikisha kazi. Mwaka wa 1991 aliajiriwa pale mtamboni kama mfagiaji. Alifagia huku anauliza. Hili tangi ni la nini? Hii dawa nyeupe ni ya nini? Mzee aliyekuwa akiendesha mtambo alichoka kujibu, akampa koleo na kumwambia ajifunze kwa mikono. Kufikia 1994 mzee alistaafu, na mfagiaji akawa ndiye mwenye mtambo. Darasa la nane hakumaliza, lakini mtambo aliujua kama unavyoijua sufuria yako.

Sasa mimi sikuwa najua mtambo wa maji unafanya nini. Nilidhani ni bomba moja linaingia mtoni na lingine linatokea kwangu. Kwa hiyo nilimwomba Mutinda anitembeze. Mutinda ni kijana aliyefanya kazi chini ya Ndanu kwa miaka minane, siku hizi ana mke na watoto wawili. Alinipeleka polepole, kama mgeni anayeonyeshwa ng'ombe.

Maji yanatoka mtoni. Yanaingia kwenye mfereji ambapo yanatiwa shabu. Shabu ni ile dawa nyeupe kama chumvi ya mawe, wengine mnaijua kutoka kwa vinyozi. Yanakorogwa kwa nguvu, kisha yanakorogwa taratibu. Hapo unaona maajabu. Maji yanaanza kufanya madonge madogo meupe meupe, kama maziwa yanayotaka kuganda. Madonge yanakamata uchafu, yanakuwa mazito, yanazama kwenye tangi kubwa lililotulia. Maji ya juu yanaenda kwenye chujio la mchanga. Yakitoka mchangani yanatiwa klorini, yanakaa nusu saa ndipo yaende kwa watu.

Nikamwuliza Mutinda, "Sasa kama una mchanga, shabu ni ya nini? Si mchanga unachuja?"

Mutinda alicheka. Akaniambia, "Hiyo swali ndiyo ilimtesa mama Ndanu maisha yake yote."

Mwaka wa 1999, wasikilizaji, ndio mwaka ninaotaka tukae nao.

Mnajua mvua zetu. Za Novemba zikinyesha, mto unashuka mwekundu. Wakati huo mtambo unakula shabu kama moto unavyokula kuni. Na shabu ilikuwa inatoka Nairobi kwa lori, na lori lilikuja likijisikia. Mara mbili mvua ilimkuta Ndanu hana shabu, akatoa maji ya rangi ya chai kwa watu. Alitukanwa vibaya sana. Akina mama walibeba maji yale kwa chupa wakamletea hadi mlangoni.

Basi akapata ujanja. Kufika Januari mto unatulia na maji yanang'aa kabisa, unaona kokoto chini. Akajiambia, maji haya yana uchafu gani wa kukamatwa? Akafunga shabu. Aliiweka ghalani ingojee mvua, kama mtu anavyoweka mahindi. Mchanga aliacha ufanye kazi peke yake. Na kwa kuwa watu walilalamika kwamba chai inanuka dawa, klorini nayo akaipunguza.

Maji yakatoka mazuri kuliko wakati wowote. Hayana rangi wala harufu. Watu wakafurahi. Wakubwa wake wakafurahi zaidi, wakamwandikia barua ya pongezi kwa kutunza dawa za mtambo. Ndanu akainunulia fremu ya kioo, akaitundika ofisini.

Alifunga shabu Jumatatu tarehe kumi na moja Januari 1999. Ishike hiyo tarehe. Tarehe kumi na moja Januari.

Wiki hiyo hiyo, mama mmoja anayeitwa Wacera alifungua kibanda pale sokoni, karibu na shule ya msingi. Alikuwa ametoka Murang'a na mumewe Kiama, wakitafuta maisha upande huu. Aliuza chai, mandazi na maharagwe. Mandazi yake yalikuwa makubwa na watoto waliyapenda. Hata Mutindi, binti wa Ndanu aliyekuwa na miaka kumi wakati huo, alipitia pale kila asubuhi.

Mwezi wa pili ulipoanza, watoto wakaanza kuugua. Homa, kutapika, mkojo mweusi kama kola. Halafu macho yakawa manjano. Kwanza watoto wawili, kisha saba, kisha watu wazima nao. Kufikia katikati ya Machi walikuwa wagonjwa arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja, katika soko dogo kama lile! Mutindi alikuwa mmojawapo.

Nilimwona Mutindi juzi. Sasa ni msichana wa miaka kumi na saba, mrefu, na ana macho ya kuuliza kama mamake. Akaniambia: "Mimi nakumbuka mami akinishika kidevu, ananigeuza kwa mwanga, anaangalia macho yangu. Alikuwa analia. Akaniuliza, umekula nini? Nikamwambia mandazi. Akasema, basi ni hiyo."

Basi ni hiyo. Watu walianza kunong'ona. Ugonjwa umekuja na nani? Nani mgeni hapa? Kibanda kimefunguliwa lini? Na hapa, wasikilizaji wapendwa, sitamficha marehemu, kwa sababu yeye mwenyewe hakujificha. Ndanu alikuwa miongoni mwa walionong'ona. Alisema kanisani. Alisema kwenye foleni ya posho mill, pale tunaposagiwa unga. Alisema mandazi ya yule mama ndiyo yanawamaliza watoto wetu. Na watu walimwamini, maana ni mtu wa maji, anajua mambo ya usafi.

Wacera akakosa wateja. Asubuhi moja alikuta kibanda kimerushiwa kinyesi cha ng'ombe. Nyingine akakuta benchi limevunjwa. Chifu akaitisha baraza, Alhamisi tarehe kumi na nane Machi, kuamua kama mama huyo afunge aondoke. Na kila mtu alijua litaamua nini.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonifurahisha kuhusu Ndanu, na ninalisema wazi: huyu mama alikuwa hawezi kuacha swali. Alikuwa ameshapata jibu linalomfaa, jibu ambalo soko zima linakubali. Mtu mwingine angelala usingizi. Yeye likamkereketa. Kwa sababu ng'ambo ya korongo kuna nyumba kumi na tano ambazo bomba halijafika. Wanachimba mchanga wa kijito chao, si wa mto wa mtambo, wanachota maji yaliyo huko chini. Watoto wao wanakuja shule ile ile. Wananunua mandazi yale yale. Na ng'ambo ya korongo hapakuwa na jicho moja la manjano.

Alienda nyumba kwa nyumba akahakikisha. Hakuna mgonjwa.

Na tena, mtoto wa Wacera mwenyewe, Ngigi, aliugua, ingawa hakuna aliyetaka kulisikia hilo.

Ndanu akaenda zahanati kwa Josphat. Josphat ni daktari wetu wa siku nyingi pale, ingawa yeye husema si daktari, ni klinikal ofisa, tusimwongezee cheo. Nilimwomba anisimulie siku ile. Akasema:

"Ndanu alikuja na daftari kwapani. Akaniuliza, Josphat, huu ugonjwa mtu akiupata leo, macho yanageuka lini? Nikamwambia, huu ni ugonjwa wa ini wa virusi, unajificha kwa mwili karibu mwezi mzima ndiyo utokee. Akaniuliza tena, mwezi? Si juzi? Nikamwambia mwezi. Akakaa kwa ile benchi ya wagonjwa. Akafungua daftari. Alikuwa anaandika kila siku rangi ya maji na mikebe ya shabu ametia. Akarudi nyuma mwezi mmoja kutoka wagonjwa wa kwanza. Akaweka kidole. Sikuona ameandika nini, lakini niliona uso wake."

Alichoandika nimekiona mimi kwa macho yangu, maana daftari lipo. Kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa mtu anayejivunia kazi yake: "11 Januari 1999. Maji yanang'aa. Shabu: hakuna."

Josphat alimweleza ambalo hakuna aliyewahi kumweleza. Uchafu wa macho ni kitu kimoja, virusi ni kitu kingine. Kirusi ni kidogo mno. Ukipanga elfu thelathini mstari mmoja, ndiyo labda ufikishe unene wa punje moja ya mchanga. Sasa uniambie, mchanga utakishika wapi? Kitapita katikati kama siafu anavyopita kwenye lango la ng'ombe. Kazi ya shabu si kuondoa rangi tu. Shabu ndiyo inayovifunga virusi ndani ya yale madonge. Donge likizama, vinazama nalo. Likifika mchangani, linakwama, na virusi vimo ndani. Vichache vinavyoponyoka, klorini inavimaliza, ikiwa ya kutosha na ikipewa muda wake. Ndanu alikuwa ametoa shabu na kupunguza klorini. Alibakisha mchanga mtupu. Na huko juu mto unapita kwa watu, kuna vyoo, kuna kambi ya wachimba mawe, na kiangazi maji ni machache ya kuchanganya uchafu huo.

Na kuna jambo lingine lililomuuma zaidi. Wakati wa tope watu wote huchemsha maji. Wakati yanapong'aa, hakuna anayechemsha. Nani achemshe maji mazuri hivyo?

Ikafika Alhamisi ya baraza. Mnaweza kuona picha: watu wamejaa hadi nje ya ofisi ya chifu, Wacera amekaa mbele na leso kichwani, mumewe Kiama kando yake, hawana hata mmoja wa kuwatetea. Wakasema wa kusema. Halafu Ndanu akasimama na daftari lake. Watu wakamshangilia, wakijua anakuja kumaliza kesi.

Nimeuliza watu wanne waliokuwepo, na wote wananipa maneno yale yale. Alisema: "Mimi nimesema mandazi ya huyu mama ndiyo mbaya. Nimesema kanisa, nimesema posho mill, nimesema kwa nyumba yangu. Nilikosea. Mandazi haina shida. Maji ndiyo iko na shida. Na hiyo maji, ni mimi niliwapatia."

 Kisha mzee mmoja akasema, "Lakini Ndanu, hiyo maji ilikuwa inang'aa!"

Akajibu, "Ilikuwa inang'aa, mzee. Ndiyo sababu hamkuchemsha."

Wasikilizaji wapendwa, mimi nimetangaza miaka kumi na mmoja. Nimeona watu wakubwa wakikosea, na sijasikia wengi wakisema "ni mimi" bila kuongeza "lakini". Ndanu hakuongeza. Na alikuwa na "lakini" nyingi za kuongeza. Angesema lori la shabu lilichelewa. Angesema alipewa barua ya pongezi kwa kosa hilo hilo. Hakusema.

Wengine walimtukana palepale. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa mgonjwa alimtemea mate miguuni. Kazini walimsimamisha wiki tatu. Kisha wakamwita, kwa sababu mashine haikuwa inamsikia mtu mwingine. Siku aliyorudi, kitu cha kwanza alichofanya ni kuigeuza ile barua ya pongezi. Hakuitoa kwenye fremu. Aliigeuza tu, uso kwa ukuta, na nyuma yake akaandika kwa kalamu nene: "Maji yaking'aa, pima tena." Niliishika nikaisoma pande zote mbili.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonishangaza kuliko yote. Ndanu alirudisha shabu mvua za Aprili zikiwa bado hazijaja, na shabu ikakataa kufanya kazi! Maji yakiwa masafi sana, madonge hayashikani. Hayana cha kushika. Kumbe maji yanayong'aa ni magumu kusafisha kuliko ya tope. Alijaribu kwenye chupa zake za kioo, sita kwa mstari, shabu kidogo hapa, nyingi pale. Akakoroga, akangoja, akakoroga. Wiki nzima.

Mutinda anasema: "Siku moja nikamkuta ametoa tope ya zamani chini ya tangi, amejaza ndoo, anamwaga kwa maji safi. Nikajua mama amechanganyikiwa na hii maneno ya baraza. Nikamshika mkono. Nikamwambia, mama, hiyo ni tope! Akaniambia, Mutinda, niache, hii maji inataka mahali pa kushika."

Na ikashika. Tope ile ikawapa madonge kitu cha kuanzia, yakakua, yakawa mazito, yakazama na kila kilichokuwemo. Mama huyu alitia tope kwenye maji masafi ili yawe salama. Baadaye injinia mmoja alipita, akamwambia hiyo ni njia inayojulikana, imo vitabuni. Ndanu akamwuliza, "Na mbona hamkuniletea hicho kitabu?" 

Lakini kibanda cha Wacera kilibaki bila watu. Baraza lilikuwa limemwosha jina, ila tumbo la mtu huwa haliendi barazani. Watu walikuwa wanaogopa mandazi, na sasa wanaogopa maji pia. Hawakunywa chai popote. Wacera alikuwa ameshafunga mizigo.

Juzi nilimkuta Wacera kibandani, mikono ina unga hadi kwenye kiwiko. Nikamwachia kipaza sauti. Akasema:

"Mimi sikumsamehe siku ya baraza. Nisidanganye watu kwa redio. Nilikuwa na hasira naye sana, sababu ni yeye alianzisha hiyo maneno. Nikaona amekuja, saa nne, amevaa gambuti za kazi. Nikamwuliza, unataka nini hapa? Akasema, nataka glasi ya maji ya bomba. Nikamwambia iko chai. Akasema hapana, maji, na utoe hiyo meza nje watu waone. Akakunywa yote. Akageuza glasi. Akasema, mama Ngigi, hii maji nimetoa asubuhi saa kumi na mbili, sasa ndiyo inafika hapa. Kama ni mbaya, inianze mimi. Kesho akarudi. Kesho kutwa akarudi. Mimi simsemeshi, nampatia glasi tu. Wiki ya pili mtu mmoja akaitisha chai."

Hivyo ndivyo ilivyoanza glasi ya saa nne. Ndanu alikuwa akiyafuata maji yake kutoka mtamboni hadi sokoni, akiwa na kidonge kidogo cha kupimia klorini mfukoni. Kidonge kikigeuza maji rangi ya waridi pale kwenye bomba la mwisho, anakunywa. Kisipogeuza, hanywi, anarudi mbio.

Na siku nyingine hakuja kabisa. Chujio limeziba, au shabu imekwisha, au madonge yamekataa kushikana. Hakuweka tangazo wala hakupiga king'ora. Hakuja tu. Wacera anasema mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa sita: "Saa nne ikapita. Nikajikuta naangalia barabara. Saa nne na nusu. Nikasema, huyu hajakuja, hiyo maji iko na kitu. Nikawasha jiko nikachemsha, nikaambia wateja wachemshe. Jioni akapita akaniambia chujio ilikuwa imeziba. Hapo ndiyo nilijua nishamsamehe, sababu nilikuwa nimemkosa."

Soko zima likajifunza. Ndanu akija, kunywa. Asipokuja, chemsha. Akienda likizo alimtuma Mutinda anywe kwa niaba yake. Watoto wa shule waliokuwa uwanjani saa ya mapumziko walimtazama akipita, wakakimbia kuwaambia walimu: amekunywa. Katika miaka hiyo saba na zaidi, Josphat hakuona tena macho ya manjano kutoka bomba la Kyamathima. Hata mmoja. Nimemwuliza mara mbili nihakikishe.

Jumanne tarehe kumi na mbili, Ndanu alikuwa akijiandaa kwenda kazini. Mutindi alimsikia akiwasha jiko. Kisha hakusikia kitu tena. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, amejiegemeza ukutani, gambuti moja mguuni na nyingine mkononi. Josphat anasema ni moyo. Haukumpa taabu.

Habari ikafika mtamboni kwa Mutinda. Nilimwuliza ulifanya nini. Akasema, "Nilitia shabu. Nikapima klorini. Kila kitu kilikuwa sawa. Halafu nikakaa chini, nikalia. Glasi nilisahau."

Alisahau glasi. Huko chini sokoni hakuna aliyekuwa amesikia msiba bado. Saa nne ikafika. Wacera akatoa meza nje, akaweka glasi, akaangalia barabara. Saa nne na nusu. Mwalimu mmoja akasimama kwenye lango la shule, akaangalia naye. Saa tano hakuna mtu. Wacera akachukua kiberiti.

Saa sita mchana Mutindi alishuka kutoka nyumbani kwenda kwa chifu kupeleka habari. Anasema alipofika pale kwenye kona ambapo unaliona soko lote, alisimama. Moshi ulikuwa unatoka kila jikoni. Kila nyumba, kila kibanda, hata jiko la shule. Watu wote walikuwa wanachemsha maji. Bado hawakujua kwamba amekufa. Walijua tu kwamba hakuja.

Maji ya siku hiyo yalikuwa salama kabisa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya stesheni hii natoa pole kwa Mutindi, binti wa marehemu. Pole kwa dada yake, Mbithe, na familia yote ya Kaloki. Pole kwa Mutinda, ambaye Jumatano yake alishuka sokoni na gambuti, akanywa. Na pole kwako mama Wacera, mwenye glasi. Mungu awatie nguvu nyote.

Na wewe unayenisikiliza, una bomba lako. Kuna mtu upande wa pili wa bomba hilo, na pengine hujawahi kumwona. Leo ukishika maji yako yanayong'aa, usikimbilie kuyasifu. Uliza ni nani ameyapima. Uliza kama yeye mwenyewe anaweza kuja kuyanywa mbele yako, saa nne, mchana kweupe.

Na kama haji, washa jiko.